Punia: Kikwembe cha mama aliyekimbia vita kinawauma nini?

Hapa Punia kuna neno linalozunguka sokoni, kwenye maji na hata mlangoni mwa kanisa: "Anajiita mkimbizi, na anavaa super-wax!" Analengwa mama aliyekimbia vita na watoto wake, kisha siku moja akaonekana amevaa kikwembe kizuri. Kesho yake kuna wanaosema afutwe kwenye orodha ya msaada.

Neno hilo ni baya, na wanaolisema wanajua kikwembe ni nini. Super-wax ya Vlisco inatoka Uholanzi, kwenye kampuni iliyoanza mwaka 1846. Ni ya bei kali, ndiyo maana wengi wanachukua Hitarget ya China. Mama wa kawaida hainunui kwa siku moja. Anatwanga mpunga wa watu, anauza mafuta ya mawese, anangoja zamu yake ya likelemba. Akiisha kuipata, anaiweka. Mtoto akiugua, inauzwa. Binti akiolewa, inatolewa. Vita vikiingia kijijini, shamba linabaki na mbuzi wanabaki, lakini kikwembe kinafungwa kwenye kifurushi. Njiani kinabeba mtoto mgongoni, na usiku kinamfunika. Benki gani nyingine ilikimbia pamoja naye msituni?

Tena, hata kama alikinunua juzi, kwa furaha tu, kosa liko wapi? Mama huyo anakificha chini ya mfuko. Anakivaa Jumapili, akirudi anakikunja haraka kabla majirani hawajatoka. Furaha ndogo hivyo, na bado anaila kama mwizi. Aibu hiyo hakuzaliwa nayo. Amevishwa na watu.

Watu haohao wanapenda nguo kuliko wengi duniani. Mobutu alipokataza suti na tai katika miaka ya 1970 na kuleta abacost, vijana wa Sape walishika mavazi ya bei kubwa, na Papa Wemba akawa mkubwa wao. Alipoanguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, nchi nzima ilimlilia. Kwenye kilio hicho nani aliuliza bei ya koti lake? Na hapa karibu, mchimbaji akitoka kwenye karee na pesa ya kasiterite, akanunua viatu vipya na kuwapa rafiki bia, anaitwa patron, hata kama minerval ya mtoto wake haijalipwa. Kila 8 Machi, ofisi zinaagiza vikwembe vya sare kwa ajili ya maandamano. Hakuna anayesema wafutwe kwenye orodha ya mshahara.

Kumbe tatizo si nguo. Tatizo ni nani ameivaa. Watu wanataka mkimbizi achanike ndipo wamwamini.

Kuna kosa la kweli, na lisifichwe. Anayenunua nguo kwa deni huku watoto wanalala njaa, anakosa, awe baba au mama, mwenyeji au mkimbizi. Huyo aulizwe na familia yake, nyumbani. Asihukumiwe sokoni kwa rangi ya kikwembe.

Wanaoandika orodha wahesabu watoto, waingie nyumbani waone kama chungu kimepikwa, waulize shamba liko wapi na nani amelikalia. Nguo haijibu hata swali moja kati ya hayo. Majirani nao wakumbuke kwamba Punia pia imewahi kukimbia, na waliokimbia walibeba kilicho chepesi na kizuri, si matambara.

Na mama mwenye kikwembe chini ya mfuko, akitoe. Jumapili iko karibu. Vita vilimnyang'anya nyumba, visimnyang'anye na kioo cha kujitazama.