Kitabu cha Ubatizo na Kumbukumbu ya Bibi



Juma hili alitujia kijana mmoja wa hapa Kilwa akihitaji cheti cha ubatizo kwa ajili ya ndoa. Hakujua tarehe wala namba. Jina analoitwa mtaani tuliliandika katika kompyuta ya ofisi, nayo ikajibu kwamba halimo.

Bibi yake alianza kwingine kabisa. Ulikuwa mwaka lilipofunguliwa Daraja la Mkapa, tukaachana na pantoni ya Rufiji. Kutoka darajani akamfikia shangazi aliyekuja kwa basi, kutoka kwa shangazi kitambaa cheupe, na mwishowe jina la ubatizo. Tulifungua kitabu cha mwaka 2003, tukamkuta.

Kompyuta huhifadhi kila habari mahali penye anwani yake. Ukitafuta jina, hulinganisha herufi tu. Mwaka 1982 mwanafizikia John Hopfield alionyesha njia nyingine: mtandao wa chembe bandia ambamo habari imetawanywa katika nguvu za viungo vyote. Ukiupa kipande, hujirekebisha hatua kwa hatua hadi utulie kwenye picha nzima. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2024 na Geoffrey Hinton. Lakini mtandao wa chembe 100 ukifundishwa picha zinazozidi 14 hivi, huanza kuchanganya, hata kutulia kwenye picha usiyofundishwa kamwe.

Bibi naye (atusamehe!) alimtaja msimamizi ambaye kitabu hakimtambui.

Wapo wanaosema kwamba vitabu vikishaingizwa katika kompyuta, hatutawahitaji tena wazee. Hatukubaliani nao. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 877, inamwagiza paroko aandike ubatizo bila kukawia. Ile inayoitangulia inaridhika na shahidi mmoja asiye na shaka, mradi hakuna anayedhurika. Kanisa limeweka vyote viwili, wala halikuvichanganya.

Basi, wenye wazee nyumbani wawalete Jumapili baada ya Misa ya pili. Katekista atakuwa na daftari pembeni. Watakayosimulia yataandikwa humo, si katika kitabu chenyewe.