Kabla ya kununua kalkulateri, tupime masi



Mara hii hatuandiki juu ya mbegu. Tunaandika juu ya kisanduku kimoja cha aluminyumu, ukubwa wake kama kitabu, kinachokaa nyuma ya dashibodi ya gari. Mwaka huu kilikula pesa ya mbegu ya watu wengi. Mafundi wa hapa Kisangani wanakiita kalkulateri, wengine wanasema ubongo wa moteri. Tulisomea agronomia, tunajua udongo na magonjwa ya muhogo. Mambo ya umeme wa gari tulijifunza kwa hasara, na hasara yenyewe haikuwa ya mfuko wetu. Ndiyo maana tunaiandika.

Koperative moja tunayoisindikiza, kwenye barabara ya Buta, ng'ambo ya Bengamisa, iko na pikapu ya dizeli ya mwaka 2004. Iliachwa na mradi mmoja uliofunga. Mwezi wa saba, mpunga ukiwa umeanza kuvunwa, gari likaanza kuzimika njiani. Asubuhi linawaka vizuri. Likipata moto, likipita kwenye mashimo, linazimika palepale, taa ya moteri inawaka kwenye dashibodi. Unangoja nusu saa, linawaka tena kama hakuna kitu. Shofere alisema: "Hii gari inacheza na mimi."

Garaje moja ya mjini ikatoa jibu kwa dakika kumi: kalkulateri imekufa. Wakatuuliza sisi tunaona namna gani. Sisi tukasema, kama fundi amesema, nunueni. Kosa letu liko hapo, hatutalificha. Hatukuuliza alipima nini.

Kalkulateri ya okazyo ikatafutwa Kampala. Ikapita Kasindi, ikapita Beni, wiki tatu njiani. Kuifunga, moteri inazunguka bila kuwaka. Kumbe kalkulateri ile ilikuwa inajua ufunguo wa gari lingine. Magari mengi yaliyotengenezwa tangu mwisho wa miaka ya 1990 yana ulinzi wa namna hiyo: ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu ndogo, na kalkulateri isipoitambua, inakataa kuachilia mafuta. Akatafutwa kijana wa kuifungua kwa kompyuta, akalipwa. Gari likawaka. Siku mbili tu. Siku ya tatu likazimika kwenye mashimo yaleyale.

Wakati huo wote mpunga ulikuwa depo. Mnajua wenyewe: mpunga usiokauka chini ya unyevu wa asilimia 14 unapata joto ndani ya magunia, unaota ukungu. Na mvua yetu ya Tshopo haiombi ruhusa. Wanunuzi wa pikipiki wakafika na bei yao, karibu nusu ya ile ya soko la Kisangani, na wanamemba wakauza kwa sababu mtoto wa shule hangoji kalkulateri. Mama prezida alituambia neno moja tu: "Munatuambiaka tupime udongo mbele ya kuweka mbolea. Kwa gari hamukupima." Hatukuwa na jibu.

Aliyemaliza shida ni mzee mmoja wa Mangobo, fundi wa zamani, na multimetri yake ya kutengeneza redio. Alitia ncha moja kwenye nguzo hasi ya batri, ncha nyingine kwenye waya wa masi ya kalkulateri, akamwambia shofere apige stata. Pale inatakiwa kuonekana karibu sufuri. Nusu volti ikionekana, masi ni mbovu. Yeye aliona zaidi ya volti moja. Akafuata waya mpaka kwenye shasi: bulonu imeliwa na kutu, rangi imewekwa juu yake. Akakwangua, akatia waya mpya, akakaza. Kazi ya nusu siku. Kisha akarudisha kalkulateri ya kwanza, ile "iliyokufa", na ndiyo inaendesha gari mpaka leo.

Tunataka muelewe sababu. Kalkulateri inapokea habari kutoka kwa kapteri: mzunguko wa moteri, joto la maji, hewa inayoingia, mguu wa shofere kwenye pedali. Inahesabu, inaamuru mafuta yaingie kiasi gani na saa gani. Sasa, kama umeme wake unakatika sehemu ya sekunde kwa sababu ya masi, inasahau kazi na moteri inazimika. Kapteri ya mzunguko ikichoka na joto, matokeo ni yaleyale. Panya akitafuna waya, yaleyale. Ukifunga kalkulateri mpya juu ya ugonjwa huo, umebadilisha daktari, mgonjwa ni yule yule. Na kama kuna waya unaogusana na chuma, ile mpya nayo inaweza kuungua.

Hatusemi kalkulateri haifi. Inakufa. Za miaka ya 1990 hasa ziko na ugonjwa unaojulikana: kondensateri za ndani zinavuja maji yake, maji yanakula njia za shaba kwenye sahani. Ukifungua kisanduku unaona madoa, wakati mwingine unasikia harufu kama ya samaki. Maji ya mto yakiingia ndani ya gari, au mtu akichomelea bodi bila kutoa waya wa batri, kalkulateri inaweza kwenda. Lakini hata hapo, maoni yetu ni kuanza na kutengeneza ile ya kwanza, kwa sababu inajua ufunguo wake na gari lake. Vijana wanaotengeneza redio na simu hapa mjini wanaweza kubadilisha kondensateri, na bei yake haifanani na ya okazyo. Ikishindikana kabisa, namba iliyo kwenye etiketi ilingane yote, mpaka tarakimu ya mwisho. Muuzaji atoe pia ufunguo na kisanduku cha ulinzi vya gari lilelile. Kwa dizeli nyingi za kisasa, kila injekteri iko na kodi yake ya kuandikwa ndani ya kalkulateri. Bila hiyo moteri inagonga na kutoa moshi. Kama fundi hana mashini ya kuandika kodi, asianze kazi.

Kwa mkutano mkuu wa koperative tunapendekeza kitu kimoja: pesa ya kalkulateri isipigiwe kura bila karatasi ya vipimo. Volti ya batri moteri ikiwa imezimwa, karibu 12,6. Volti moteri ikitembea, karibu 14. Masi. Fizibli na rele. Kodi ya kosa iliyosomwa na skana, na kapteri inayotajwa ipimwe, maana skana inaonyesha mlango, haisemi mwizi ni nani.

Kwa mashirika ya msaada, pamoja na hili letu linalotoa gazeti hili, tutasema bila kuzunguka. Kuacha gari kijijini bila skana, bila mchoro wa nyaya, bila fundi mmoja aliyefundishwa, ni kuacha deni. Land Cruiser za zamani zenye moteri ya 1HZ hazina kalkulateri ya kuamuru mafuta, pampu yake ni ya chuma tupu, na ndiyo sababu bado zinatembea kwenye matope yetu. Kama hazipatikani tena, basi skana moja kwa koperative nne au tano za barabara moja ingetosha, na kijana mmoja kutoka kwao apelekwe kujifunza.

Wenzetu wengine wanasema tuuze hizi gari zote, turudi kwenye pikipiki na toleka. Wana haki kidogo. Toleka haina kalkulateri. Lakini tani tano za mpunga juu ya baiskeli, kutoka Bengamisa, wakati wa mvua, tunaomba wao ndio wapige pedali.

Kalkulateri ya Kampala bado iko ndani ya kabati la depo, imefungwa kwa plastiki, na mama prezida ndiye anaweka ufunguo wa kabati. Koperative yenye gari la namba ileile ije iione, bei tutapatana. Ufunguo wa gari lake la kwanza hatuna.