Nyumba ni Yetu, Kiwanja ni cha Nani?

KILA mwisho wa mwezi mganga wa zahanati huko Isaka hufunga vitabu vyake vya MTUHA. Huhesabu wagonjwa wa malaria, kina mama waliojifungua na watoto waliochanjwa, na hesabu hiyo hupelekwa wilayani kuingizwa katika kompyuta. Mwenzake wa Micheweni, kisiwani Pemba, hana kazi tofauti. Taarifa za wote wawili hupita katika programu ya aina moja, iitwayo DHIS2, na kwa taarifa hizo wakubwa wa afya huamua dawa ziende wapi.

Programu hiyo hatukuinunua. Ni programu huria: kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuisoma ilivyoandikwa, kuirekebisha na kumpa mwingine. Chimbuko lake ni Afrika Kusini baada ya uchaguzi wa 1994, ikakuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, kwa kushirikiana na wataalamu wa nchi nyingi, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Visiwani ilianza kazi kabla ya kuenea Bara yote. Huko ni kujitegemea kwa vitendo, na tunastahili kujivunia.

Hata hivyo, liko swali ambalo halijaulizwa vya kutosha. Nyumba ni yetu. Je, kiwanja ni cha nani?

Toleo la kwanza la programu hiyo lilijengwa juu ya Access, mali ya kampuni ya Microsoft. Toleo la pili liliandikwa kwa Java, jukwaa lililotolewa 1995 na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani. Sun ilianza kuifanya Java kuwa huria Novemba 2006, lakini Januari 2010 kampuni hiyo ilinunuliwa na Oracle. Ilipofika Agosti mwaka huo huo, Oracle ilikuwa imekwisha kuishtaki Google, ikidai kwamba mfumo wa simu wa Android ulivunja hakimiliki na hataza za Java.

Hakimiliki na hataza si kitu kimoja. Hakimiliki hulinda maandishi yasinakiliwe. Hataza hulinda ubunifu wenyewe, yaani namna jambo linavyofanyika, na kwa kawaida hudumu miaka 20. Aliyeandika kila mstari kwa jasho lake, bila kunakili hata neno, bado aweza kushtakiwa kwa hataza. Ndugu zetu wa Visiwani hawahitaji maelezo marefu. Wanajua kwamba mtu huweza kumiliki minazi na mikarafuu juu ya ardhi isiyo yake. Mavuno ni yake, lakini hapati usingizi mzuri kama hajui mwenye ardhi atasema nini kesho.

Wasiwasi huu una historia. Mwaka 2001 Miguel de Icaza, mzaliwa wa Mexico, alianzisha Mono, programu huria iliyofuata jukwaa la Microsoft liitwalo .NET. Mwaka 2009 Richard Stallman, mwasisi wa harakati za programu huria, aliwaonya wenzake wasiitegemee, akihofu kwamba siku moja Microsoft ingetumia hataza zake kuizima. Siku chache baadaye Microsoft ilitoa ahadi ya kutoshtaki.

Wako watakaosema hofu hiyo ilipita kiasi, na hoja yao ina uzito. Mwaka 2012 baraza la mahakama liliamua kwamba Google haikuvunja hataza za Oracle. Aprili 2021 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ikaipa Google ushindi katika suala la hakimiliki pia. Microsoft nayo ilianza kuifungua .NET kwa leseni huria Novemba 2014.

Lakini kesi ile ilidumu zaidi ya miaka kumi, baina ya matajiri wawili wenye mawakili wasiohesabika. Je, halmashauri ya wilaya ingeweza kusimama kizimbani muda wote huo? Na ahadi ya mwenye mali, hata iwe njema, si haki ya mtumiaji. Januari 2023 Oracle ilibadili ada za Java inayoitoa yenyewe, ikaanza kutoza kwa idadi ya wafanyakazi wote wa taasisi, hata wasioigusa kompyuta. Toleo huria, OpenJDK, lipo na halina ada. Anayechukua lisilo lake bila kusoma masharti ndiye atakayeletewa ankara.

Kwa hiyo tunatoa mwito kwa wahusika. Kwanza, kila wizara, Bara na Visiwani, iandike katika daftari moja programu inazotumia, majukwaa yaliyo chini yake, na leseni za yote mawili. Zabuni mpya zidai toleo huria la jukwaa pale lilipo.

Pili, hataza si jambo la Muungano: Bara ina sheria yake ya 1987, na Zanzibar ina yake ya 2008. Nchi zilizo nyuma kimaendeleo, yetu ikiwamo, zimeruhusiwa na Shirika la Biashara la Dunia kuchelewa kutekeleza masharti mengi ya mkataba wa hakimiliki na hataza hadi tarehe 1 Julai 2034. Muda huo utumike kuhakikisha kwamba sheria zote mbili zinatamka wazi kuwa programu ya kompyuta haipewi hataza.

Tatu, hataza inayotolewa na ARIPO kutoka Harare huweza kuwa na nguvu nchini, ila nchi hupewa miezi sita kuikataa. Barua hizo zisomwe na wataalamu wa kompyuta, si kupigwa muhuri na kuwekwa kabatini.

Isaka ni bandari ya nchi kavu. Wafanyakazi wake wanajua kwamba behewa, liwe jipya namna gani, huenda pale tu reli inapoliruhusu. Behewa tumejitengenezea. Sasa tujue reli ni ya nani, kabla mwenyewe hajaja kudai nauli.