Kiini na Kifunue Hesabu Zake, Lakini kwa Mwenyewe

Kila programu inayoendeshwa ndani ya kompyuta huitwa mchakato, na mchakato mmoja waweza kugawanyika katika nyuzi kadhaa, kila uzi ukishika sehemu yake ya kazi. Msimamizi wa yote hayo ni kiini cha mfumo endeshi. Je, yafaa kiini kimfunulie mtumiaji hesabu zake?

Hapo zamani, katika Unix, amri ya ps ilichungulia kumbukumbu ya kiini chenyewe. Muundo wa kiini ulipobadilika, ps nayo ililazimika kutengenezwa upya, la sivyo ingesoma upuuzi. Mwaka 1984 Tom Killian wa Bell Labs alieleza njia iliyo bora: kila mchakato uonekane kama faili ndani ya /proc. Baadaye Linux ililiendeleza wazo hilo kwa maandishi ya kawaida. Anayesoma /proc/self/status hupata jina la mchakato, hali yake, mzazi wake na idadi ya nyuzi zake. Ndani ya /proc/self/task huzikuta nyuzi zenyewe, kila moja na namba yake. (Akisoma kwa amri ya cat, anayejieleza hapo ni cat yenyewe.) Faili hizo hazikai katika diski, kiini huziandika papo hapo zinaposomwa.

Wako wanaolalamika kwamba maandishi hayo huchelewesha kazi. Ni kweli, hasa michakato ikiwa maelfu. Lakini kwa mwanafunzi hakuna kitabu kilicho karibu zaidi na mashine.

Lawama ya haki iko kwingine. Kwa kawaida Linux humwacha mtumiaji yeyote asome faili ya cmdline ya mchakato wa mwenzake, yaani amri nzima kama ilivyoandikwa. Mwalimu akitia neno la siri la daftari la alama ndani ya amri, mwanafunzi aliyeingia katika mashine hiyo hiyo aweza kulisoma maadamu amri ingali inaendeshwa. Tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, msimamizi aweza kuweka hidepid=2, kila mtu akaona michakato yake tu. Huduma chache za mfumo zitahitaji kuruhusiwa kwa kundi maalumu. Usumbufu huo ni mdogo. Mashine ya shule yenye watumiaji wengi yapasa kuwekwa hivyo kabla mwanafunzi wa kwanza hajapewa jina la kuingilia.