Kabla ya Kufukia Bomba, Tuikague Ardhi

Mwaka juzi nilikwenda kumjulia hali shangazi yangu katika kijiji kimoja cha Pwani, kusini ya mji wa Kilifi. Nilikuta furaha kubwa. Maji ya bomba yalikuwa yakiletwa, na vijana walikuwa wakichimba mtaro kando ya mikorosho. Nami nilifurahi, kwani tangu utoto wangu nimemwona shangazi akibeba maji kichwani.

Lakini nilipoutazama udongo uliotupwa nje, niliona vigae vya vyungu, mifupa ya samaki na kipande cha bakuli la kijani kilichong'aa kama kioo. Ubavuni mwa mtaro ulionekana ukuta wa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, umekatwa katikati. Ilikuwa nyumba ya watu. Nilimwuliza msimamizi kama kuna mtaalamu aliyeikagua njia ile kabla ya majembe. Alinijibu kwa adabu, "Mzee, sisi tumepewa ramani na siku ya kumaliza. Habari za magofu hatukuambiwa." Kufikia jioni mtaro ulikuwa umefukiwa.

Simlaumu kijana yule. Lawama ni ya waliochora ramani bila kuikanyaga ardhi.

Najua wako watakaosema kwamba wafu hawana kiu, na kwamba mama mwenye ndoo hawezi kungojewa na vigae. Neno hilo lina haki yake. Lakini ni nani aliyesema tuchague kimoja? Ukaguzi si kazi ya kusimamisha maendeleo. Wataalamu wa mambo ya kale huitembea njia yote ya bomba au ya nguzo za umeme, wakiokota na kuandika kila kinachoonekana juu ya ardhi. Huwauliza wazee yalipo makaburi na visima vya zamani. Kisha huchimba vishimo vidogo vya majaribio hapa na pale. Wakikuta kitu, bomba husogezwa hatua chache, au pale mahali huchimbwa kwa utaratibu na kuandikwa kwanza. Bomba laweza kupinda. Ukuta wa kale hauwezi kuhama.

Utaratibu huo una maana yake. Udongo umelala kwa matabaka, na kwa kawaida la chini ni la zamani kuliko la juu. Mwaka 2013 wachimbuzi walipata katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, sarafu ya Kichina yenye tundu la mraba katikati, iliyotolewa zama za mfalme Yongle, mwanzoni mwa karne ya 15. Lau ingalirushwa na koleo la mchimba mtaro, labda mtoto angaliitia uzi akaivaa shingoni, na habari zake zingaliishia hapo.

Hata mijini ni vivyo hivyo. Sisi wa Mombasa tumesimuliwa habari za Mwana Mkisi na Shehe Mvita, na wengi wakadhani ni hadithi tupu za vikongwe. Katika miaka ya 1970, Hamo Sassoon alichimba katika uwanja wa hospitali kuu ya Mombasa akakuta mabaki ya mji ule wa kale, wa kabla ya Wareno kufika. Mwaka 1980 aliyachapisha aliyoyaona. Je, ni mabaki mangapi yamekatwa na mitaro ya maji machafu na ya simu bila mtu kuandika hata neno moja?

Si kwamba hatuna sheria. Sheria ya mazingira ya 1999 inataka miradi mikubwa ichunguzwe athari zake kabla ya kuanza. Sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale apeleke habari kwa Makumbusho ya Taifa. Lakini kugundua kwa ncha ya sururu ni kugundua kwa kuchelewa, na mitaro midogo ya vijijini hupita bila kuangaliwa na mtu.

Maoni yangu ni haya. Kila mkataba wa kupitisha maji au umeme, hasa huku Pwani, uwe na fungu la fedha za ukaguzi, na kazi isianze mpaka ripoti isomwe. Tena wasimamizi wafundishwe kukitambua kigae na kusimamisha jembe.

Mwaka 2024 mji wa kale wa Gedi uliingizwa katika orodha ya turathi za dunia, tukashangilia. Gedi umesalia kwa sababu ulihifadhiwa mapema. Ule ukuta wa kijijini kwa shangazi hautaingia katika orodha yoyote. Shangazi sasa ana mfereji uani, namshukuru Mungu. Lakini akiniuliza ni akina nani waliokaa pale mikoroshoni kabla yake, sina la kumjibu.