Tiara zipigane, ila uzi wa vioo tuuache

Kila inapokaribia tarehe 14 Januari, majirani zangu hapa Kenton, kaskazini-magharibi mwa London, huanza kuulizana nani ameletewa uzi kutoka Gujarat. Ndiyo sikukuu ya Uttarayan, na sisi Wagujarati hatuijui Uttarayan isiyo na tiara angani. Wengi wetu mtaani hapa ni watu wa Mombasa, Kisumu, Jinja au Dar es Salaam. Kuna waliohama Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, na kuna waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Mchezo huu tulikuja nao, na naupenda kwa moyo wote. Lakini uzi wake wa vioo, manjha, nataka tuuache.

Kwa asiyeujua: uzi wa pamba hupakwa uji wa wali uliochanganywa na rangi na chupa zilizosagwa. Warushaji wawili hupishanisha nyuzi zao angani. Huyu analegeza kwa kasi, yule anavuta, mpaka mmoja akatike. Hapo hupigwa ukelele wa “Kai po che!”, yaani “Nimeikata!”, na watoto hutimka mbio, kwa kuwa tiara iliyokatika haina mwenyewe tena, atakayeiwahi ni yake.

Mombasa tulirushia juu ya mapaa, na Januari kule ni msimu wa kaskazi, upepo hauna hiana. Kaka yangu alirusha, mimi nikashika firki, yaani kibiringo cha kuzungushia uzi, kazi waliyopewa dada wengi. Mshika firki ndiye anayeujua uzi ule vizuri. Ukishatoka mbio hupita kwenye ngozi kama wembe. Jioni, chakula cha sikukuu kilipoandaliwa, mama alinilisha kwa mkono wake, maana pilipili ilinichoma kwenye vidole vilivyochanika. Wote tuliona ni jambo la kawaida.

Si la kawaida. Gujarat kwenyewe, kila msimu wa tiara, waendesha pikipiki hufunga waya uliopinda mbele ya usukani ili uzi usiwafikie shingoni, na bado wapo wanaokufa. Ndege nao hukatwa mabawa. Ilipoingia nailoni, isiyooza wala kukatika kirahisi, hali ilizidi kuwa mbaya hadi mahakama ya mazingira ya India ikaipiga marufuku nchi nzima mwaka 2017.

Hapa Kenton tuna hatari yetu wenyewe. Kando ya stesheni yetu hupita reli kuu ya kwenda kaskazini, na nyaya zilizo juu yake zina umeme wa volti 25,000. Mtoto anayefukuza tiara hutazama mbinguni. Haoni uzio, haoni magari ya Kenton Road. Tena katikati ya Januari jua hapa huzama kama saa kumi na robo jioni. Uzi ukinasa mtini giza likaingia, nani ataurudia?

Wazee huniambia kwamba bila vioo hayo si mapigano, ni mchezo wa watoto wachanga. Nawajibu kwa mfano wa Hamamatsu, Japani. Kila mwaka, tarehe 3 hadi 5 Mei, mitaa ya mji ule hupambana kwa tiara kubwa zinazovutwa na kundi la watu, na kamba zao hazina kioo hata chembe. Hukatana kwa kusuguana tu, na wanaume wazima hutoka jasho. Marekani nako kuna mashindano ambayo mshindi ni yule anayeugusa uzi wa mwenzake kwanza, kwa juu au kwa chini kama mwamuzi alivyotaja. Huko ustadi ni wa mkono, si wa chupa.

Ombi langu ni hili. Tarehe 14 Januari tubaki na sala na vitamu vya ufuta. Mapigano tuyasogeze hadi majira ya kuchipua, katikati ya uwanja wa Northwick Park, mbali na reli, kwa uzi mtupu wa pamba. Wenye maduka wasiagize manjha. Watoto wapate nafasi ya kukimbilia tiara mpaka wachoke, na wasichana warushe zao wenyewe, firki washike kaka zao.