Ukipata shida Ufini, una wa kumtegemea?

Kila Machi, ripoti ya furaha duniani inapotoka, simu zetu sisi tunaoishi Ufini hujaa pongezi kutoka nyumbani. Ufini imekuwa ya kwanza mfululizo tangu 2018. Mwaka huo, kati ya nchi 156, Tanzania ilikuwa ya 153 na Burundi ya mwisho. Wengi wetu tumezaliwa huko, na swali letu ni moja: vile vicheko vya Kigoma na Bujumbura havikuhesabiwa?

Nafasi hizo hazipangwi kwa vicheko. Mtu huombwa afikirie ngazi ya daraja 0 hadi 10, kisha aseme maisha yake yamefika daraja la ngapi. Anayelala akiwaza karo ya mtoto na dawa za mama hawezi kujiweka juu, hata awe mcheshi namna gani. Hapa watoto wamekuwa wakila shuleni bila malipo tangu 1948. Mjamzito hupewa boksi la mahitaji ya mtoto, au fedha akipenda. Kodi inauma, lakini unaiona inakokwenda. Laiti serikali za kwetu zingeiga hilo kwanza!

Ripoti hiyohiyo huuliza pia kama mtu ana ndugu au rafiki wa kumtegemea wakati wowote akipatwa na shida. Swali hili ndilo linalotuhusu. Mwaka 2018 wahamiaji wa Ufini nao walitajwa kuwa wenye furaha kuliko wahamiaji wa kwingineko. Mwaka huohuo Shirika la Haki za Msingi la Umoja wa Ulaya lilitoa utafiti kuhusu watu weusi katika nchi 12: kati ya waliohojiwa Ufini, 63% walikuwa wamebughudhiwa kibaguzi katika miaka mitano, kiwango cha juu kuliko kote. Tunaziamini habari zote mbili. Serikali itakulipia daktari, ila haitakuja kukaa nawe jioni uliyotukanwa kwenye basi.

Sisi ni hodari wa michango ya misiba. Nauli ya kusafirisha mwili hupatikana haraka. Lakini aliye hai, mpweke kule Oulu mwezi wa Desemba, hata jina lake hatulijui. Hili linatuuma. Kamati ya jumuiya yetu inaomba kila familia impokee mgeni mmoja aliyewasili mwaka huu: imsindikize Kela, ofisi ya hifadhi ya jamii, imsomee barua zake, imwalike pilau Jumapili. Orodha iko kwa katibu. Tujiandikishe kabla giza la Novemba halijaingia.